Nilivyoingia kwa Kina Stambuli

Mimi nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kuzungusha maneno, kwa hiyo nasema moja kwa moja: mlima huu una milango miwili ya kumwingizia mwanamke asiye na kwao, na mimi niliingia kwa ule mbaya. Niliingia na akili zangu timamu, mume wangu akinisihi tugeuke. Wapo wanaosema nilidanganywa. Waambieni Mwaisha hajadanganywa na mtu.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Bigwa, pale chini mlima unapoanzia. Ndio mwaka reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro, mji ukajaa watu wa kila kabila, na vumbi juu yake. Stambuli, mume wangu, alikuwa kibarua wa reli, anabeba mataruma, yale machuma mazito yanayolazwa chini ya reli. Mimi nilikuwa nachoma vitumbua nawauzia vibarua wenzake. Jioni tulikuwa tunakaa kizingitini tunasuguana migongo kwa mafuta ya nazi, kila mmoja analalamika kuliko mwenzake.

Kwao Stambuli ni huku juu, Mluguru wa kuzaliwa. Aliondoka kijana kwenda kubeba mizigo ya misafara, na miaka yote hiyo mlima alikuwa anautazama tu kutoka chini. Mimi kwetu sikujui. Nilikamatwa mdogo, nikatembezwa, nikauzwa, nikakulia Bagamoyo nyumbani kwa tajiri mmoja, mjakazi wa mkewe. Hili jina la Mwaisha alinipa yule mama. Tajiri alipokufa, wanawe wakawa wanagombania vitu, na mimi nikiwa kimojawapo, nikaenda zangu bomani nikasimama juani mpaka nikapewa cheti cha uhuru. Usiniulize mama yangu alikuwa wa kabila gani. Nakumbuka mgongo wa mtu aliyenibeba, basi.

Stambuli alinioa mjini Morogoro, kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mbele ya mashahidi. Mahari ilipotolewa hapakuwa na baba wala mjomba wa kuipokea, ikabidi aniwekee mwenyewe mkononi. Tulicheka siku ile hadi mwalimu akatukemea.

Mpango wetu ulikuwa Tabora. Reli ilikuwa inakwenda Kilosa, na baada ya Kilosa ingesonga mbele hadi Tabora, na Stambuli alishaahidiwa kazi huko kote. Tangu tuoane watoto hatukupata. Miaka ilipita, nikanywa dawa za kila mganga kutoka Kilakala mpaka ng'ambo ya Ngerengere, mwishowe nikasema basi, nimechoka kunywa majani. Watu wawili wazima wasio na mtoto wanahitaji nini? Chumba cha kupanga mjini kinatosha. Nikaanza hata kufunga mizigo.

Halafu nikashika mimba. Ala! Nilidhani ni ugonjwa. Nilikaa na kichefuchefu changu, nikisingizia mafuta ya vitumbua, mpaka siku moja nikamwambia Stambuli, "Nina tumbo."

"Linauma?" akaniuliza, bado anavua viatu vyake vya ngozi ya ng'ombe.

"Haliumi. Lina mtu ndani."

Akakaa chini na kiatu kimoja mkononi. Alilia, yule baba mzima, na mimi nikamcheka, halafu nikalia na mimi. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Lakini chakula cha jioni hakijaiva, nikamwona ameshakunja uso, nikajua anawaza nini.

"Tabora hatuendi tena," akasema.

"Kwa nini? Tabora hawazai?"

"Wanazaa. Lakini mtoto atazaliwa kwenye hema la vibarua, atakulia kwenye chumba cha watu, na siku nikianguka chini ya taruma nani atamlisha? Mtoto lazima awe na shamba. Lazima awe na kwao, Mwaisha. Wewe unajua kuliko mimi."

Nilijua kweli. Kukosa kwenu ni kazi nzito kuliko taruma, na haina Ijumaa wala sikukuu. Hapo Tabora ikaisha.

Rafiki yangu Veronika akaja na shauri lake. Veronika tulikuwa naye Bagamoyo, mjakazi kama mimi, lakini yeye walimkomboa mapadri, wakambatiza, wakamwoza, na sasa alikuwa na nyumba safi katika kijiji cha misheni na mbogamboga zake za kuuza. "Njooni kwetu," akasema. "Mtapewa kiwanja na shamba, mtoto atasoma. Mtabatizwa tu na kufungishwa ndoa upya."

Stambuli akaguna. "Nibadilishe dini kwa ajili ya shamba? Hata huyo Mungu wenu atanishangaa."

Mimi langu lilikuwa lingine. Nikamwambia Veronika, "Shamba la mapadri ni la mapadri. Ukikosana nao unafunga mkeka wako. Na mimi nilishakuwa wa mtu, mwenzangu. Sitaki tena kuwa wa mtu."

Veronika akabenua midomo, akanunua vitumbua, akaenda zake. Kumbuka kwamba nilisema hivyo, maana mwenzangu hakusahau.

Basi ikabaki mlimani. Stambuli akatuma salamu kwa mjomba wake, Mzee Mwinjuma, mkubwa wa ukoo wao, na yule mzee aliposhuka kutafuta chumvi mjini akapitia kwetu. Mfupi, mkavu, ana macho ya mtu anayepima kila kitu. Nikapiga goti, "Shikamoo mjomba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akala vitumbua vyangu vyote vya kuuzwa siku ile, kisha akafuta vidole na kusema kilichomleta.

"Mpwa wangu, nyumbani ni kwenu. Ukirudi utapewa pa kulima, hakuna wa kukukataza. Na mkeo atalima nawe. Lakini huyu aliye tumboni, huyu ni wa nani?"

"Wangu," Stambuli akasema.

"Wee! Umekaa sana na watu wa pwani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba analipata kwa mjomba wake, kaka wa mama. Ukoo wa mama yake uko wapi?"

Nilikuwa nimeshika sahani tupu.

"Siulizi kwa ubaya," yule mzee akaendelea. "Wewe ukifa, shamba lako linarudi kwa watoto wa dada yako Chausiku. Huyu wako atakuwa mgeni. Atalima kwa ngoto, kila mavuno apeleke kuku na mtama kwa mwenye ardhi, aseme ahsante kwa kuniweka. Na siku mwenye ardhi akisema toka, anatoka. Serikali haitamsaidia, mambo haya serikali haiyajui."

"Serikali imetangaza watoto wote wanaozaliwa sasa ni huru," nikasema mimi. Nilikuwa nimesikia bomani.

"Ni huru, ndiyo. Huru ale nini?"

Yule mzee akatazama mlangoni, akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Kuna mlango mwingine. Zamani mtu wetu akimnunua mwanamke, yule mwanamke hakuwa na mjomba wa kudai watoto. Aliingia kwetu, akawa mali ya ukoo, na watoto wake wote wakawa watoto wetu. Wanalima, wanarithi, na wakiwa wa kike wanauendeleza ukoo. Nusu ya ukoo wetu bibi zao waliingia hivyo, na hakuna anayeulizwa. Kwa hiyo, mpwa wangu, ukisimama mbele ya watu ukasema, huyu nilimnunua, mtoto ana kwao. Ukisema, huyu nilimwoa, mtoto ni mgeni. Basi. Mimi sikuziweka desturi hizi."

Stambuli alisimama kwa ghafla hata kigoda kikaanguka. "Mjomba, huyu ana cheti cha boma! Huyu ni muungwana!"

"Cheti hicho kisipande mlimani," Mzee Mwinjuma akasema, akachukua chumvi yake, akaaga vizuri kabisa.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Stambuli alikuwa akirudi kazini anaanza: hawezi, hatasema, bora twende Tabora, bora tukaombe misheni, bora tufe. Mimi nilikuwa nakunja kitambaa nilichofungia cheti changu na kukikunjua, nalitazama tumbo langu. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu. Huyu mtoto akija kuulizwa, wewe wa wapi, atajibu nini? Mimi nimeulizwa swali hilo na askari, na tajiri, na majirani, na mwalimu wa chuo, na kila mara najiona nimesimama uchi. Uhuru ninao, nimeupata kwa kusimama juani. Haujawahi kunijibia swali hilo.

"Sema ulininunua," nikamwambia mwishowe. Nilikuwa napika mlenda.

"Nilikuoa, Mwaisha. Nilitoa mahari."

"Mahari ulimpa nani?"

"Wewe."

"Haya. Sasa utasema ulimpa bwana wangu. Kilichobadilika ni mkono tu."

"Usinifanyie mzaha."

"Mzaha? Mimi ndiye nitakayeitwa mjakazi, si wewe. Wewe utaitwa bwana. Nani kati yetu anafanyiwa mzaha?" Nilipandisha sauti mpaka jirani akakohoa. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa ananionea huruma, na huruma ile ilikuwa inanimalizia nguvu. Nikakitoa cheti changu kwenye kitambaa, nikakiingiza chini ya chungu. Kiliwaka upesi. Stambuli alitia mkono motoni kukitoa akaungua vidole, na mlenda nao ukamwagika. Tukala ugali mkavu.

Veronika aliposikia alikuja mbio. "Kwa mapadri hukutaka kuwa wa mtu, kwa ukoo wa mumeo ndio umetaka? Una wazimu wewe!"

"Kwa mapadri mtoto naye angekuwa wa mapadri," nikamjibu. "Huku ni mimi peke yangu." Tukakumbatiana, akanipa mbegu za kabichi, nikapanda mlima.

Kupanda kulinitesa. Njia ya kutoka Bigwa inakwenda wima, miguu inateleza kwenye udongo mwekundu, na mimi tumbo liko mbele linanivuta chini. Stambuli alikuwa amebeba kila kitu isipokuwa mtungi, na bado kila penye mto anasimama, "Turudi, Mwaisha. Bado tunaweza kurudi." Mara ya kwanza nilimbembeleza. Baadaye nikamwambia akilisema tena nitamtupia mtungi. Tulifika kwao ukungu umeshuka, baridi imeingia mifupani, na migomba kila upande.

Wa kwanza kutupokea alikuwa Chausiku, dada yake Stambuli. Mwanamke mnene, mchangamfu, ananukia moshi na karafuu. "Wifi yangu! Karibu, wifi yangu jamani, na tumbo hilo!" Akanitua mtungi, akanipa maji ya moto ya kuoga, akanikanda miguu. Sijawahi kukandwa miguu maishani mwangu. Nikafikiri, mbona mtu mwenyewe mwema. Ni mwema kweli, hata leo sisemi vingine. Ila ana watoto wake, na lile shamba la Stambuli walishaanza kulilima.

Siku ya kuingizwa, watu wa ukoo wakakusanyika uani kwa Mzee Mwinjuma, adhuhuri, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Na alikuwepo Ahmadi, mtani wao. Hapa mlimani kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wao, na hakuna shughuli inayotimia bila mtani, iwe maziko, iwe mgeni kuingia. Mtani anaruhusiwa kusema lolote, hata matusi, hata kuchukua kuku wako mbele ya macho yako, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukimkasirikia mtani wako umeharibu. Stambuli alilijua hilo tangu utotoni. Lakini miaka yote ile ya misafara na reli hakuna aliyemtania, na nadhani mwili wake ulishasahau.

Mzee Mwinjuma akauliza, "Stambuli, mwanamke huyu amefikaje kwako?"

Tulikuwa tumefanya mazoezi. Maneno mawili tu, nilimnunua Bagamoyo. Jasho lilikuwa linamtoka Stambuli katika baridi ile. Akatazama chini, akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa, "Nilimnunua. Bagamoyo."

Minong'ono ikapita upande wa wanawake. Chausiku akakaza macho. Na Ahmadi, kazi yake ndiyo hiyo, akaruka katikati ya uwanja amejifunga shuka kama tajiri wa pwani, anatembea amebinua tumbo. "Umenunua? Loo, wamekupunja! Hebu tukague mali! Kitu kimechakaa hiki, umepewa cha bure na pilipili juu! Wee mwanamke, fungua mdomo, tuhesabu meno, isije ikawa tunalisha kibogoyo!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, maana alivyobinua lile tumbo ni mimi kabisa. Akanyoosha mkono kunishika kidevu.

Stambuli akampiga. Hakumsukuma, alimpiga ngumi ya uso, Ahmadi akaanguka juu ya vyungu vya pombe. "Usimguse! Usimguse mke wangu!"

Mtu kumpiga mtani wake! Wazee walikuwa wanatazamana hawajui waanzie wapi. Ahmadi mwenyewe alikuwa amekaa chini anajishika pua, hana hasira, anashangaa tu.

Chausiku akasimama. Hakupiga kelele. Akaja akanishika mkono kwa upole kabisa. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Mtu hampigi mtani wake kwa ajili ya kitu alichonunua. Kaka yangu anampenda mkewe, na mimi namsifu. Wifi, wewe ni mke, mke wa heshima, usikubali kuitwa vingine. Kaeni kwetu kwa raha zenu. Na mtoto akizaliwa tutampa mahali pa kulima kwa ngoto, kuku mmoja tu, hatutamsumbua."

Hakika wale watu walikuwa wananitazama kwa heshima. Wanawake wengine walikuwa na machozi. Nimeheshimiwa mara chache sana, ningekaa ndani ya heshima ile siku nzima. Mzee Mwinjuma naye alishainua mkono aseme neno la mwisho, na neno lenyewe lilikuwa linaonekana usoni mwake. Stambuli akanigeukia, macho yanang'aa, na nikaona ana furaha. Mungu wangu, alikuwa na furaha! Alidhani tumepona.

Mimi nilimwona mtoto wangu mtu mzima, amepiga goti mlangoni kwa mtoto wa Chausiku, ameshika kuku.

Nikautoa mkono wangu katika mkono wa Chausiku. Nikaenda mpaka alipokaa Ahmadi, nikapiga magoti, nikafungua mdomo. Niliufungua wote, kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo sokoni, kichwa nyuma, ulimi chini, ili mnunuzi aone hadi magego. Jambo hilo mwili hausahau. Ahmadi akageuza uso. Nikamfuata na mdomo wangu wazi. "Hesabu," nikamwambia, kadiri mtu anavyoweza kusema na mdomo wazi. "Hesabu, bwana."

"Inuka, mama," Ahmadi akasema. "Inuka, nakuomba."

Sikuinuka. Mate yalikuwa yananitiririka kidevuni. Hakuna aliyecheka. Hakuna muungwana anayejua kufungua mdomo vile, na kila mtu pale uwanjani alilijua hilo, Chausiku akiwa wa kwanza. Nilimsikia Stambuli nyuma yangu anasema jina langu, anasema "Mwaisha, Mwaisha," kama mtu anayeita kisimani.

"Funga mdomo," Mzee Mwinjuma akasema. "Imetosha. Ni wetu. Na aliye tumboni ni wetu." Akawataja mashahidi, akamtoza Stambuli faini ya kumpiga mtani, akaonyesha mpaka wa shamba kwa mkono: kutoka jabali jeupe mpaka kijito, na migomba yake. Shamba zuri, lina maji. Watoto wa Chausiku wakalia, lakini neno la mjomba likawa limeshatoka.

Chausiku akanitazama kwa muda. Hakuwa na chuki, naapa. Alikuwa anapanga upya mambo kichwani, kama mtu anavyopanga vyombo baada ya wageni kuondoka. Kisha akanionyesha mtungi. "Haya, Mwaisha," akasema. "Maji yamekwisha." Wifi hakuniita tena tangu siku hiyo. Nikachukua mtungi.

Nilizaa mtoto wa kike, na mlima mzima ukapiga vigelegele, maana mtoto wa kike ndiye mwenye kuubeba ukoo. Wakamwita Mosi, jina la bibi yao. Mimi sikuulizwa. Desturi inataka mwanamke akishazaa aitwe kwa jina la mtoto, lakini mimi watu wazima hapa hawaniiti Mama Mosi. Wananiita Mwaisha, wakubwa kwa wadogo. Ukisikia "Mwaisha!" ujue kuna kuni za kukata, au mtama wa kutwanga, au mzee anataka kusafishwa. Si watu wabaya. Nikiumwa wananiuguza. Ahmadi akipita anaweka mzigo wangu kichwani mwake bila kuombwa, na hanitanii kabisa, na hilo linanichosha kuliko kuni.

Stambuli analala kwangu kama zamani. Ni bwana wangu, nani atamkataza? Lakini hanigusi mpaka nimwambie, na hawezi kuniagiza hata chumvi. Chakula nikimwekea anasema "ahsante" kwa sauti ya mgeni. Nimemwambia mara nyingi, Stambuli, niagize basi, nigombeze, mume anagombana na mkewe. Anaitikia kwa kichwa. Amezeeka ghafla. Wakati mwingine anakaa jabalini anatazama chini kule garimoshi linakopita kwenda Kilosa, na mimi simwiti.

Mosi sasa ameshaota meno ya mbele upya. Majuzi nilikuwa napanda kutoka kijitoni na maji, nikawakuta watoto wanacheza mama na baba kwenye shamba lake, yeye na wajukuu wa Chausiku. Walikuwa wanagawana. Mmoja akasema, mimi bibi. Mwingine akasema, mimi mama. Halafu yule mkubwa akamwambia Mosi, "Wewe uwe Mwaisha. Utachota maji."

"Sitaki," Mosi akasema. Alisimama amejishika kiuno, katikati ya mahindi. "Mimi siwezi kuwa Mwaisha. Mimi shamba hili ni langu. Mwaisha awe mtu mwingine."

Watoto wakafikiri, wakaona ni kweli. Wakatafuta kigunzi cha muhindi, wakakivisha jani, wakakiita Mwaisha, wakakituma maji.

Nilisimama nyuma ya migomba na mtungi kichwani. Iliniuma mpaka nikashika mgomba. Na palepale nikajua kwamba mtoto yule hakuna atakayemuuliza wa wapi, na akiulizwa atajibu hivyo hivyo, amejishika kiuno. Nikapita pembeni, taratibu, asinione, nisije nikamharibia mchezo.